Hatari Ndogo kwa Faida Gani? Hoja Dhidi ya Sindano za Mgongo

Kila linapotajwa janga la mwaka 2012 nchini Marekani, pale wagonjwa wa mgongo walipochomwa sindano za kutuliza maumivu na badala yake wakaambukizwa fangasi hadi kwenye utando wa ubongo, jibu huwa tayari mdomoni. Lilikuwa kosa la duka moja chafu la kuchanganya dawa. Mwenye duka alifungwa, sheria ikarekebishwa, na sindano zenyewe hazina neno. Kisha huongezwa kauli ambayo wagonjwa wengi huambiwa kabla ya kulazwa kifudifudi: maambukizi makubwa kutokana na sindano hizi ni nadra sana.

Kauli hiyo ya mwisho ni ya kweli. Kati ya mamilioni ya sindano za mgongo zinazochomwa kila mwaka katika nchi tajiri, wanaoishia na jipu kandokando ya uti wa mgongo, usaha kwenye diski au homa ya uti wa mgongo ni wachache. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ugomvi wangu ni na wale wanaoitumia kufunga mjadala. Huwezi kuiita hatari ndogo wala kubwa mpaka ujulishwe inabebwa kwa ajili ya nini. Mama anayejifungua kwa upasuaji anakubali hatari ya kuambukizwa kwa sababu kuna mtoto wa kuokolewa, na pengine uhai wake mwenyewe. Mzee anayechomwa steroidi mgongoni kwa maumivu ya miaka mingi anakubali hatari ili apate nini? Swali hilo ndilo lililorukwa mwaka 2012, na linaendelea kurukwa.

Turudi kwanza kwenye tukio lenyewe, maana wanaolitaja kwa haraka hulipunguza uzito.

Tarehe 18 Septemba 2012, daktari April Pettit wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville, aliitaarifu idara ya afya ya jimbo la Tennessee juu ya mgonjwa aliyekuwa akimtatanisha. Alikuwa mtu mwenye kinga nzuri ya mwili, lakini majimaji ya uti wake wa mgongo yalikuwa na fangasi. Mtu wa namna hiyo hapati homa ya uti wa mgongo ya fangasi bila sababu. Alipoulizwa zaidi ikajulikana kuwa wiki chache nyuma alichomwa steroidi mgongoni. Idara ya afya ikaanza kufuatilia, na katika siku chache wakapatikana wengine kutoka kliniki ileile. Kufikia mwisho wa mwezi ilikuwa wazi kwamba chanzo kilikuwa vichupa vya methiliprednisoloni vilivyotengenezwa na New England Compounding Center, duka la kuchanganya dawa lililokuwa Framingham, magharibi mwa Boston, katika jimbo la Massachusetts.

Mafungu 3 yaliyotengenezwa kati ya Mei na Agosti 2012, zaidi ya vichupa 17,000, yalikuwa yamepelekwa katika vituo 76 vya afya kwenye majimbo 23. Watu wapatao 14,000 walikuwa wameshachomwa. Serikali ilihesabu wagonjwa 753 katika majimbo 20, na vifo 64. Wengi waliugua mgongoni na kwenye utando wa ubongo, wachache kwenye viungo kama goti na nyonga. Miaka ilivyopita hesabu ikapanda, hata waendesha mashtaka wa serikali kuu wakataja vifo zaidi ya 100. Michigan ndilo jimbo lililoumia kuliko yote, likifuatiwa na Tennessee.

Wakaguzi walipoingia Framingham walikuta vichupa vilivyofungwa, tayari kuuzwa, vikiwa na takataka za rangi ya kijani iliyokolea kuwa nyeusi ndani yake. Macho matupu yaliziona: vichupa 83 kati ya 321 vilivyoangaliwa. Vichupa 50 vilipopimwa maabara, vyote 50 viliotesha vijidudu. Vipimo vya duka lenyewe vilikuwa vimeonyesha bakteria na ukungu katika vyumba vilivyopaswa kuwa safi kabisa, tangu Januari mwaka ule, na hakuna aliyesimamisha kazi. Barry Cadden, mfamasia mkuu na mmoja wa wamiliki, alitiwa hatiani mwaka 2017 kwa ulaghai na kuendesha biashara ya kihalifu, ingawa baraza la mahakama halikumtia hatiani kwa mauaji. Mwaka 2021 adhabu yake iliongezwa hadi miaka 14 na nusu. Alistahili. Simtetei hata kwa nukta.

Lakini hebu tuitazame hoja ya duka moja chafu. Mwaka 2002, miaka 10 kabla ya Framingham, wagonjwa 5 waliochomwa steroidi hiyohiyo waliugua maambukizi ya fangasi, wanne wao kwenye utando wa ubongo, na mmoja akafa. Dawa ile ilitoka katika duka jingine kabisa la kuchanganya dawa, huko South Carolina. Fangasi alikuwa wa aina nyingine, mmiliki mwingine, lakini dawa na njia ya kuiingiza mwilini vilikuwa vilevile. Mwaka uleule wa 2012, bila uhusiano wowote na Framingham, wagonjwa 3 wa kliniki ya maumivu huko Arizona walilazwa na bakteria sugu wa stafilokokasi. Kichupa kilichokusudiwa mgonjwa mmoja kilikuwa kimegawanywa kwa wengi. Huko Delaware, katika kliniki ya mifupa, wagonjwa 7 waliugua baada ya dawa ya ganzi ya kichupa cha mtu mmoja kutumiwa kwa watu kadhaa kwa sababu vichupa vidogo vilikuwa adimu. Hapo hapakuwa na Cadden. Palikuwa na wahudumu wa kawaida na siku yenye wagonjwa wengi, wakijaribu kutoipoteza dawa.

Tukio linapojirudia kwa sura tofauti, mahali tofauti, mikononi mwa watu tofauti, haliwezi kuelezwa tena kwa uovu wa mtu mmoja. Lazima tuangalie wanachofanana. Wote walikuwa wakiingiza vitu katika sehemu za ndani kabisa za mwili ambako kinga haifiki kwa urahisi. Mara nyingi walikuwa wakiingiza steroidi, dawa ambayo kazi yake ni kutuliza uvimbe, na inautuliza kwa kuzifunga mikono chembe zilezile zinazopambana na vijidudu. Dawa iliyokusudiwa karibu na neva inapendekezwa isiwe na vihifadhi, kwa kuwa vihifadhi vinaweza kudhuru neva, hivyo kijidudu kikishapenya ndani ya kichupa hakuna kinachokizuia kuzaana. Kila hatua ya tiba hii inaondoa ngao moja. Ngozi imetobolewa, kinga imetulizwa, kihifadhi kimeondolewa. Kinachobaki ni uaminifu na umakini wa kila mtu aliyeigusa dawa tangu ilipotengenezwa, na umakini huo lazima uwe kamili mara milioni mfululizo.

Kuna jambo lingine linaloniuma zaidi, nalo ni jinsi ugonjwa huu unavyojificha. Fangasi aliyeua wengi, Exserohilum rostratum, huishi kwenye majani na udongo na kwa kawaida hamsumbui binadamu. Ndani ya mgongo hukua polepole. Wengine waliugua wiki kadhaa baada ya sindano, wengine baada ya miezi. Dalili zake za kwanza ni zipi? Kichwa kuuma, uchovu, na maumivu ya mgongo. Fikiria mgonjwa aliyekuja kwa sababu mgongo unauma, akachomwa sindano, na sasa mgongo unauma. Nani atashtuka? Atasema sindano haijamshika, na pengine ataomba nyingine.

Hili si dhana. Madaktari wa Michigan waliwaita wagonjwa 172 waliokuwa wamechomwa dawa ya fungu lililochafuka lakini hawakuwa wametibiwa kwa maambukizi yoyote, wakawapiga picha za MRI. Picha za 36 hazikuwa za kawaida, na karibu wote kati ya hao waligundulika kuwa na maambukizi mgongoni au kandokando yake. Mmoja kati ya watano, na walikuwa wakitembea na ugonjwa huo majumbani mwao. Matibabu yaliyowangoja yalikuwa miezi ya vorikonazoli, dawa inayoweza kuumiza ini na kuwafanya baadhi ya watu waone vitu visivyokuwepo, au amfoterisini, ambayo huziumiza figo. Wengi walipasuliwa. Baadhi ya wale waliopata homa ya uti wa mgongo walipigwa na kiharusi.

Sasa tuje kwenye faida, maana ndipo utetezi wa sindano unapoanguka.

Mwaka 2014, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio lililoongozwa na Janna Friedly wa Chuo Kikuu cha Washington. Wagonjwa 400 wenye njia nyembamba ya uti wa mgongo, wengi wao watu wazima wa umri mkubwa, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walichomwa steroidi pamoja na ganzi, nusu ganzi peke yake. Baada ya wiki 6 makundi yote mawili yalikuwa na nafuu, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo mno au haikuwepo. Yaani steroidi, ile iliyobeba fangasi ndani ya mafungu 3 ya Framingham, haikuwa na la kuongeza ambalo mgonjwa angelihisi.

Watetezi husema ugonjwa huo sio mahali pa kuipima sindano, na kwamba inapong'ara ni kwa maumivu yanayoteremka mguuni kutokana na diski kubana neva. Vema. Mwaka 2020 mapitio ya Cochrane yalikusanya majaribio 25 ya maumivu hayo hasa. Ikilinganishwa na sindano isiyo na dawa, steroidi ilipunguza maumivu ya mguu kwa takriban pointi 5 kwenye kipimo cha pointi 100, na hiyo ni kwa muda mfupi tu. Pointi 5 kati ya 100! Mtu aliyekuwa na maumivu ya 60 anabaki na 55. Sidhani kama kuna mgonjwa ambaye, akielezwa hivyo waziwazi, ataona hiyo ni sababu ya kuingiziwa sindano jirani na uti wake wa mgongo.

Uingereza ililisema hilo mapema. Mwongozo wa taasisi ya NICE wa mwaka 2016 uliwaagiza madaktari wasitoe sindano za mgongo kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, na ukaacha nafasi finyu kwa maumivu makali na mapya ya neva inayoteremka mguuni. Nafasi hiyo naiheshimu. Mtu asiyeweza kulala wala kuketi anaweza kuona wiki 2 za ahueni zina thamani. Mwaka 2025 jopo la kimataifa lililochapisha mwongozo wake katika jarida la BMJ lilikwenda mbele zaidi: baada ya kupima aina 13 za tiba za sindano na za kuchoma neva kwa maumivu sugu ya mgongo, lilipendekeza kwa nguvu zisitumike, iwe maumivu yanabaki mgongoni au yanateremka mguuni. Vyama vya madaktari wa maumivu vilipinga vikali.

Upinzani wao una hoja mbili zinazostahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza ni ushuhuda wa wagonjwa: wapo waliochomwa wakainuka, na daktari aliyewaona kwa macho yake hawezi kuambiwa kuwa hakuona. Nami sisemi hakuona. Nasema maumivu ya mgongo hupanda na kushuka yenyewe, na mtu huenda kutafuta sindano siku yaliyopanda kileleni. Baada ya kilele kuna kuteremka, sindano iwepo isiwepo. Ganzi nayo hutuliza kwa saa kadhaa, na mgonjwa anaondoka kliniki akiwa mwepesi. Ndiyo maana katika jaribio la Friedly makundi yote mawili yalipata nafuu. Daktari mmoja na mgonjwa mmoja hawana namna ya kutofautisha nafuu iliyoletwa na dawa na nafuu iliyokuwa njiani inakuja. Majaribio yalibuniwa kwa ajili ya udhaifu huo wa macho yetu, na yamejibu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Wanasema: mkiondoa sindano mnawarudisha wagonjwa kwenye dawa za jamii ya afyuni, na Marekani imezika watu wengi mno kwa sababu ya dawa hizo. Hofu hiyo naielewa. Lakini inachukulia kwamba mgonjwa ana milango miwili tu. Mwaka 2023 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Australia lililoonyesha kuwa dawa hizo za afyuni hazikushinda vidonge visivyo na dawa kwa maumivu mapya ya kiuno na shingo, kwa hiyo mlango huo nao haukuwa wa kumfungulia mtu. Mwaka uliofuata, jarida hilohilo na nchi hiyohiyo, watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno waligawanywa: wengine walipewa mpango wa kutembea kwa miguu na maelekezo ya mtaalamu, wengine wakaachwa bila mpango. Wa kundi la kwanza walikaa kwa wastani wa siku 208 kabla ya maumivu kurudi, wa pili siku 112. Kutembea. Hakuna kichupa, hakuna ukungu. Si tiba ya kila mtu, na mtu ambaye mguu wake umeanza kufa ganzi anahitaji daktari wa upasuaji na si matembezi, ila haiwezekani tena kudai kwamba bila sindano hakuna kitu.

Kwa nini basi sindano imeshika? Sehemu ya jibu ni malipo. Mfumo wa Marekani humlipa daktari kwa kila tendo, na sindano ya dakika chache inalipa kuliko nusu saa ya kumfundisha mtu jinsi ya kujinyoosha na kutembea. Sehemu nyingine ni sisi wagonjwa, na hapa Afrika Mashariki hatuko mbali. Kaa kwenye benchi la zahanati yoyote utasikia mtu akilalamika kuwa daktari kampa vidonge tu, hata sindano hakumchoma. Tumejengeka kuamini kwamba kinachopenya ngozi kina nguvu kuliko kinachomezwa, na kinachomezwa kina nguvu kuliko ushauri. Imani hiyo tunasafiri nayo. Katika jimbo lilelile la Massachusetts, huko Lowell, kuna jamii kubwa ya Wakenya, na wengi wamepata riziki katika kuwatunza wazee na wagonjwa, kazi ya kuinua na kugeuza miili mizito kutwa na usiku. Migongo yao inaumia kweli. Hao ndio watakaopewa sindano kama njia ya kurudi kazini haraka, na ndio nawaandikia kuliko wengine.

Baada ya janga, Rais Obama alitia saini sheria mpya Novemba 2013, iliyoziweka kampuni zinazochanganya dawa kwa wingi chini ya jicho la mamlaka ya chakula na dawa, FDA, endapo zitajisajili. Ni sheria njema, na ingewaokoa wengi kama ingekuwepo mapema. Lakini isome uone inachokigusa: vyumba, vichupa, vyeti, ukaguzi. Haina swali lolote kuhusu kwa nini nchi moja ilihitaji steroidi ya mgongo kwa wingi kiasi kwamba duka moja liliweza kuzisambazia kliniki za majimbo 23. Miezi michache baadaye, Aprili 2014, FDA yenyewe ilitoa onyo kuwa steroidi zikichomwa karibu na uti wa mgongo zinaweza, kwa nadra, kusababisha upofu, kiharusi, kupooza na kifo, na ikakumbusha kwamba haijawahi kuziidhinisha kwa matumizi hayo. Hiyo ni mbali na fangasi. Hata dawa ikiwa safi kabisa, onyo hilo linabaki.

Vyama vinavyoutetea utaratibu huu vinasema lipo kundi dogo la wagonjwa ambao sindano huwafaa kweli, na kwamba mapitio makubwa hulimeza kundi hilo. Yawezekana. Basi walitafute kwa njia inayofaa: majaribio ya bahati nasibu, mgonjwa akijua kuwa yuko ndani ya utafiti, akielezwa kwa lugha anayoielewa kwamba faida inayojulikana ni pointi 5 na kwamba akiumwa kichwa au mgongo ukizidi miezi 2 baadaye arudi siku hiyohiyo na kusema alichomwa nini na lini. Gharama aibebe anayedai kuwa sindano inafaa. Mpaka majibu hayo yapatikane, mgonjwa mwenye maumivu sugu asipelekwe kwenye meza ya sindano kama sehemu ya kawaida ya matibabu, na bima zisiilipie kana kwamba jambo limekwisha kuthibitishwa.